Kurasa Nne Zilizofanana

Siku ile foleni ya fotokopi ilifika hadi kwenye ngazi. Ulikuwa msimu wa kuomba kazi na kujaza fomu za vyuo, na katika jengo zima la ofisi kibanda kilikuwa kimoja tu: meza mbili, mashine mbili, feni inayozunguka kwa kulalamika, na msichana aliyevaa koti la kazi la bluu na kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa. Wateja walimwita Fundi. Kibanda kilikuwa cha mjomba wake, lakini mjomba alikaa nyuma na gazeti lake, na kazi yote ilipita mikononi mwa mpwa. Aliweza kupitisha kidole gumba pembeni mwa rundo la karatasi akakwambia zimo ngapi. Akisema mia moja na nane, usijisumbue kuhesabu.

Katikati ya msongamano huo aliingia kijana mrefu mwembamba, shati jeupe limemganda mgongoni kwa mvua. Koti alikuwa nalo, ila alikuwa amelifunika boksi la kadibodi alilolikumbatia.

"Umelivika boksi koti, wewe ukajiacha ulowe," Fundi alimwambia bila kuinua macho kwenye mashine.

"Mimi nikilowa nitakauka."

"Na lenyewe?"

"Lenyewe limeandikwa kwa penseli."

Hapo Fundi aliinua macho. Aliona uso mpole, kucha zilizokatwa fupi kupita kiasi, na vidole virefu ambavyo havikutulia, vinagonga gonga ubavu wa boksi kana kwamba vina mazungumzo yao. Alifunua kifuniko. Ndani mlikuwa na karatasi pana za mistari mitano mitano, zimejaa vidoa vyeusi kutoka juu hadi chini.

"Ni muziki," kijana alisema. "Ni kipande kimoja."

"Kimoja? Karatasi zote hizi?" Fundi alipitisha kidole gumba pembeni. "Mia nne thelathini na saba."

 Asubuhi ile kijana alikuwa amezihesabu mara mbili kwa nusu saa nzima, na jibu lilikuwa hilohilo.

"Ni wa piano peke yake," alisema. "Hakuna anayeimba, hakuna ngoma. Mtu mmoja anakaa anapiga kwa saa sita na dakika arobaini."

"Haendi chooni?"

Foleni nzima ilicheka. Kijana naye alicheka, akainamisha kichwa. "Kila mtu huniuliza hilo. Bado natafuta jibu."

Aliutunga mwalimu wake wa piano, mwanamke ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na miwili. Aliuandika kwa miaka thelathini na moja, kila alfajiri kabla ya kwenda kufundisha, ukurasa leo, nusu ukurasa kesho, wiki nyingine mstari mmoja tu. Hakuwahi kuusikia wote. Hakuna aliyewahi kuupiga wote. Sasa macho yake yalikuwa yamezima, mikono inatetemeka, na daktari alikuwa ameacha kumpangia tarehe za mbali. Aliomba kitu kimoja: ausikie mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kijana huyu, ambaye rafiki zake walimwita Vidole tangu utotoni, alikuwa amemwahidi. Miezi mitatu kutoka siku ile, ukumbini katika shule ya muziki anakofundisha Vidole.

"Penseli inafutika kila nikigusa," alisema. "Nataka nakala, tena zijalidiwe."

"Utafunua mwenyewe au kuna wa kukufunulia?"

Vidole alimtazama. Hakuna mtu wa fotokopi aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kwa nini?"

"Kitabu kikijifunga katikati ya kazi utafanyaje? Nitashona kwa uzi, vitabu vitano, kila kimoja kilale wazi chenyewe. Mbona kurasa hazina namba?"

"Mwalimu anasema anayejua muziki atajua ukurasa unaofuata."

"Na asiyejua?"

"Hatakiwi kuzishika."

"Basi nimeshazishika," Fundi alisema. "Kesho mchana uje. Na ujikaushe."

Jioni ile, wateja walipokwisha, Fundi alizipitisha karatasi moja moja. Alifanya kazi kwa utaratibu wake: akitoa nakala, anaitazama, anaigeuza, anaiweka. Katikati ya rundo akakuta karatasi nne zinazofanana. Aliinua mbili akazipambanisha kwenye taa. Mistari ileile, vidoa vilevile, mwandiko uleule. Alijivunia jambo moja katika kazi yake, kwamba hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwake na ukurasa uliojirudia. Akaiacha ya kwanza, akazitoa zile tatu nyingine za penseli. Na kwa kuwa vikaratasi vya namba alivyowapa watu wa foleni vilikuwa vimechakaa mpaka wateja wanagombana kama ni sita au nane, alizipanga zile tatu pamoja kwenye mashine ya kukatia, akashusha kisu, na kwenye upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, akaandika namba mpya kwa kalamu nene. Moja hadi ishirini na nne.

Kesho yake Vidole alisimama kwenye foleni kama watu wengine. Mkononi alipewa kipande cha karatasi.

"Kumi na tisa, pita," Fundi aliita.

Alipita. Vitabu vitano vya nakala vilimngoja, majalada ya kijani, uzi mweupe mgongoni. Alikifungua cha kwanza katikati, kikalala wazi juu ya meza kama kilichopigwa pasi. Alikifungua mwanzoni, kikalala. Alivigusa vyote vitano hivyohivyo.

"Umeshona vizuri kuliko ninavyopiga."

"Sijakusikia ukipiga. Nipe kikaratasi changu, wengine wanangoja."

"Nimekiangusha," Vidole alisema. Ulikuwa uongo. Nje ya jengo alikichomeka kwenye pochi, kwenye ule mfuko wa plastiki wa kitambulisho, namba imetazama mbele. Hakujiuliza kwa nini.

Baada ya hapo alirudi. Alirudi na fomu moja. Alirudi na risiti. Alirudi kutoa nakala ya kitambulisho, kisha akarudi tena kwa hichohicho.

"Mpwa wangu," mjomba alisema kutoka nyuma ya gazeti, "huyu kijana ana kitambulisho kimoja na nakala kumi na moja. Anataka kuwa watu wangapi?"

"Mteja ni mteja, mjomba."

"Mteja hanyoi ndevu kwa ajili ya fotokopi."

Wakaanza kupigiana simu. Kila siku saa saba mchana Vidole aliiweka simu juu ya piano, na kibandani Fundi aliiweka yake juu ya rafu, spika wazi, akala chakula chake huku akisikiliza. Alizoea kuutambua muziki ule kama mtu anavyozoea sauti za nyumba ya jirani. Kulikuwa na sehemu ya dakika ishirini yenye noti chache zinazodondoka mbalimbali, na alipoisikia alipunguza mwendo wa kutafuna. Kulikuwa na nyingine ambayo mikono yote miwili ilikimbia mpaka mjomba akasema, "Mwambie apumzike, atavunja chombo cha watu."

"Leo umechoka," Fundi alimwambia siku moja.

"Umejuaje?"

"Ile sehemu ya kukimbia. Mkono wa kushoto ulikuwa unavutwa na wa kulia."

 Vidole akasema taratibu, "Kuna watu wamesoma muziki miaka minne wasingelisikia hilo. Wewe mtu gani, mpenzi?"

"Nani mpenzi?"

"Nimeteleza."

"Basi usiinuke haraka," Fundi alisema, akakata simu, akatabasamu mbele ya mteja aliyetaka nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Wiki ya sita Vidole alikwenda kumtembelea mwalimu wake. Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, piano kuukuu imesogezwa hadi kitandani. Mwalimu alikuwa ameegemea mito mitatu, shali ya kijivu mabegani.

"Nipigie pale ninapoondoa," alisema.

"Wapi, Mwalimu?"

"Ule ukurasa wa mara nne. Usiniambie hujafika, mwanangu, umebaki na wiki sita."

Vidole alifungua kitabu cha tatu. Ukurasa ulikuwepo. Alifunua, akakuta muziki mwingine kabisa. Alirudi nyuma, akafunua tena. 

Mwalimu, ambaye hakuona uso wake, aliendelea kuzungumza. "Mume wangu alipokuwa anaugua alikuwa anakuja kukaa karibu yangu kila alfajiri nikiandika. Kwanza aliacha kunywa chai. Siku nyingine akaacha kusoma gazeti. Kisha akaacha kuzungumza. Alibaki anapumua tu, na mimi niliandika. Ukurasa uleule, ila ile noti ya pamoja ya mwisho kabisa, chini pembeni, ina sauti nne. Mara ya pili zinabaki tatu. Kisha mbili. Kisha moja. Mtu asiyetega sikio atadhani nimerudia tu." Alivuta shali mabegani. "Kazi yote ile, mwanangu, ni njia ya kufikia noti moja."

"Leo mikono yangu imechoka, Mwalimu," Vidole alisema. "Nitakupigia siku nyingine."

Alifika kibandani akihema. Foleni ilikuwa ndefu, hakushika namba.

"Kurasa tatu ziko wapi? Kitabu cha tatu. Zilikuwa nne zinazofanana."

"Zilikuwa zimejirudia," Fundi alisema. "Nilizitoa."

"Ulizitoa? Kwa ruhusa ya nani?"

"Simpi mteja kurasa zilizojirudia. Hiyo ndiyo kazi."

"Hazikujirudia. Hazikujirudia hata kidogo." Sauti yake ilikuwa chini, na kwa hiyo ilikata zaidi. "Ziko wapi?"

Fundi alitazama mikononi mwa wateja. Kila mmoja alikuwa ameshika kikaratasi. Alisema ukweli: "Nimezikata."

Vidole alifuata macho yake. Alimwona mzee mmoja akijipepea kwa namba saba.

"Wewe unajua karatasi tu," alisema. "Kilichoandikwa hukijui."

 Mjomba alishusha gazeti. Fundi alifuta mikono kwenye koti lake, pole pole, kidole kwa kidole.

"Ni kweli," alijibu. "Sijui kilichoandikwa. Wewe unakijua. Wiki sita unapiga kila siku, mimi nakusikia. Ulipofika hapo hukuona kwamba kurasa tatu hazipo?"

Vidole aliitazama tena ile namba saba. Aliona. Au tuseme alijua, kwa miaka mingi, kwamba mahali pale Mwalimu amerudia ukurasa mara nne. Na kila siku alipofika alijiambia ni uleule, nitaurudia siku yenyewe, akaendelea mbele. Naye alidhani zinafanana. Tena yeye anajua kusoma.

Aligeuka akaondoka. Simu ya saa saba haikupigwa siku ile, wala kesho yake, wala siku saba zilizofuata.

Fundi hakulia mbele ya mjomba. Alifunga kibanda mapema, akakusanya vikaratasi vyote kwenye kikopo, akavimwaga juu ya meza, akavigeuza upande wa pili. Zilikuwa karatasi tatu, vipande vinane kila moja. Kwa kuwa alizikata pamoja, vipande vilikuwa na umbo moja. Na kwa kuwa zilikuwa karibu sawa, mtu wa muziki asingeweza kujua kipande hiki ni cha karatasi ipi. Kila kona ya juu ilifanana na kona mbili nyingine.

Lakini Fundi alijua karatasi. Alivilaza kwenye mwanga wa dirisha. Vingine vilikuwa vya manjano kidogo zaidi, vya karatasi iliyokaa karibu na jua. Kwenye vingine penseli ilikuwa imetoka kunolewa, mistari myembamba kama unywele. Kwenye vingine ilikuwa butu. Karatasi moja ilikuwa na duara hafifu la glasi, limekatika vipande vitatu. Aliunganisha lile duara, akapata ukurasa mmoja. Alipitisha kucha, akasikia mkwaruzo tofauti, akatenga mwingine. Mjomba alikuja akasimama nyuma yake, akaweka kikombe cha chai mbali na karatasi, akaenda zake.

Ilimchukua siku saba, kila jioni baada ya kazi. Alivibandika kwa gundi nyembamba juu ya karatasi laini, na hapo ndipo alipoona. Kwenye ile ya kwanza aliyoiacha, iliyobaki na zile za penseli kwenye boksi rafuni, chini pembeni kulikuwa na vidoa vinne vilivyopandana. Kwenye ya pili, vitatu. Kwenye ya tatu, viwili. Kwenye ya nne kulikuwa na tundu tupu. Kipande hicho hakikuwepo. Aligeuza nyuma, akahesabu namba alizoziandika mwenyewe, akajua ni ipi.

Alimpigia simu.

"Nimepata kurasa zako," alisema. "Zote isipokuwa kona moja. Njoo uzichukue, kisha kila mtu aendelee na mambo yake."

Vidole alifika kabla Fundi hajaweka simu chini. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo tangu asubuhi, akitafuta namna ya kuingia. Alizitazama zile kurasa kwa muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya viungo, ambavyo karibu havikuonekana.

"Umezitofautishaje?"

"Najua karatasi tu."

Vidole aliinamisha kichwa. "Nilistahili hilo. Nisikilize. Ulipoziona nne, ulizitazama vizuri kuliko mimi. Uliziinua kwenye taa. Mimi niliziruka. Makosa yangu nikakubebesha wewe mbele ya watu. Naomba unisamehe."

 Fundi alimwonyesha lile tundu. "Hii kona inakosekana. Juu yake zilikuwa mbili. Hapa bila shaka ni moja, lakini ipi kati ya mbili sijui. Unaweza kukisia?"

"Siwezi kumpigia noti ya kukisia. Kila kitu alichoandika kinakwenda pale."

"Basi ukamuulize."

"Nitamwambia nini? Kwamba noti yake ya mwisho tuliitumia kupangia foleni?" Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa. "Ilikuwa namba ngapi?"

"Kumi na tisa."

Vidole aliinua uso taratibu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa pochi, akaifungua. Nyuma ya plastiki, safi kama siku aliyopewa, ilikaa namba kumi na tisa.

"Uliniambia umeiangusha," Fundi alisema.

"Nilikudanganya."

"Wiki zote hizi umetembea nayo? Mtu wa muziki, hukugeuza hata mara moja uone nyuma kuna nini?"

"Nilikuwa naitazama upande wako. Mwandiko wako."

Fundi alitaka kukasirika, ikashindikana. Alikichomoa kikaratasi, akakigeuza. Chini pembeni, peke yake, kilikaa kidoa kimoja cha penseli. Alikishusha kwenye tundu, kikaingia.

"Wewe unahitaji mtu wa kukufunulia," alisema.

"Ndicho nilichokaa ngazini kukuomba."

Zile kurasa tatu Fundi alizishonea kitabuni, na wiki tano zilizobaki alijifunza kufunua. Kusimama kushoto, kushika kona ya juu kwa mkono wa kushoto, kungoja kidevu cha Vidole kishuke. Hakujifunza kusoma noti. Alijifunza kumsoma yeye: bega linavyopanda kabla ya mbio, pumzi inavyokatika kabla ya kituo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Vidole alivaa suti nyeusi aliyoishonesha upya mikono ili isimbane. Fundi alivaa gauni la kijani, rangi ya majalada yake. Ukumbini walikuja watu sitini hivi, wengine na mito ya kukalia, na mjomba alikaa mstari wa mbele na gazeti ambalo hakulifungua. Juu ya kiti kimoja iliwekwa simu, chaja imechomekwa ukutani. Upande wa pili, kitandani kwake, Mwalimu alikuwa anasikiliza.

Akaanza. Saa ya kwanza watu walikohoa, saa ya pili waliacha. Walioondoka kwenda kula walirudi wakinyata, wakakuta mtu yuleyule, mgongo uleule, vidole vinatembea. Jua lilihama kutoka dirisha la kushoto hadi la kulia. Kuna mtu aliyesinzia, akaamshwa na ukimya, akalia bila kujua kwa nini. Fundi alisimama wakati wote. Baina ya kitabu na kitabu Vidole alipewa dakika mbili. Alikunywa maji, akaenda alikokwenda, akarudi. Swali la foleni likapata jibu.

Katika kitabu cha tatu ulifika ukurasa wa mara nne. Sauti nne. Fundi akafunua. Tatu. Akafunua. Mbili. Akafunua, na karatasi ile iliyobandikwa ilitoa mlio wake mzito. Vidole alifika chini pembeni, akagusa noti moja, akaishika mpaka ikafa yenyewe. Ukumbi mzima ulisikia pale sauti nyingine zilipokuwa zinakaa. Kisha kidevu kikashuka.

Saa kumi kasorobo alimaliza. Watu hawakupiga makofi mara moja, walisimama kwanza. Vidole aliichukua simu kwa viganja viwili.

"Mwalimu?"

"Nipo." Sauti ilikuwa nyembamba. "Ile noti umeishika kuliko nilivyoandika."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sijalalamika. Nani alikuwa anafunua? Nilisikia kurasa tatu pale zina sauti nzito, kama zina gundi."

Fundi alisogea. "Zina gundi, Mwalimu. Nilizikata kwa kutojua."

"Na nani alizibandika?"

"Mimi."

 "Kesho mje wote wawili," Mwalimu alisema. "Nataka kuishika hiyo mikono."

Nje, kwenye ngazi za shule, Vidole hakuweza hata kushika glasi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Fundi alimnywesha maji.

"Kwenye mfuko wa koti kuna pochi," Vidole alimwambia. "Itoe. Mimi siwezi."

Fundi aliitoa. Nyuma ya plastiki kulikuwa na namba kumi na tisa, kutoka zile mpya ambazo Fundi alikuwa amekata baadaye kwa karatasi tupu.

"Umeiba tena?"

"Safari hii geuza."

Aligeuza. Nyuma kulikuwa na mstari mmoja wa penseli, mwandiko mbaya wa mtu asiyezoea maneno. Aliusoma, akausoma tena. Alimtazama, akamngojesha kama anavyongojesha foleni siku za mvua.

"Kumi na tisa," alisema, "pita."

Mwalimu aliishika ile mikono, yote minne, na alifariki mwezi uliofuata akiwa ameusikia. Vidole na Fundi walikaa pamoja miaka kumi na minne. Aliupiga wote mara mbili zaidi, na mara zote mbili aliyefunua alikuwa yuleyule. Kisha moyo wa Vidole, ambao hakuna aliyejua una kasoro, ulisimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu.

Vitabu vitano vya kijani vipo kabatini, nyuzi zake bado nzima. Kibanda kipo palepale, na foleni ni ndefu. Anayeshika namba kumi na nane anafuatwa na ishirini. Wateja wageni hudhani Fundi amekosea kuhesabu, wakamwuliza. Yeye huendelea na mashine yake.

"Kumi na tisa ina mtu," huwajibu. "Ishirini, pita."